Caguwa, Mtumba na Okazioni: Historia ya Chombo Kilichotumika Mjini Bujumbura

Makala hii imetokana na kosa, na kosa lenyewe nililifanya mimi kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Bujumbura. Mmoja wao, kijana mzaliwa wa Buyenzi, alikuwa ameandika hivi kuhusu kazi ya baba yake: "Baba yangu ananunua simu za caguwa, anazitengeneza na kuziuza tena." Nilizungushia duara neno caguwa, nikaandika pembeni mitumba, kisha nikamkata alama mbili. Nilipowarudishia karatasi hakubishana. Alisubiri wenzake watoke, ndipo akanijia na kusema, "Samahani, Mwalimu. Mtumba si robota la nguo? Sasa simu inafungwaje robota?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba maneno hupanuka maana. Jibu hilo si la uongo, lakini nililitoa ili nipate kuondoka. Njiani nilitambua kwamba nimelikata neno ambalo sikuwahi kujiuliza limetoka wapi; tena neno lenye mzizi wa Kiswahili, lililoandikwa na Mswahili, katika mji ulioanza kusikia Kiswahili kabla haujaitwa mji. Makala hii ni jaribio la kulipa deni hilo. Inahusu historia ya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu amelifanya: kutoa chombo cha zamani, kuongeza fedha, na kuondoka na kingine cha kisasa zaidi, na inahusu pia kinachokipata kile cha zamani baada ya sisi kukipa kisogo.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inatueleza kuwa mtumba ni mzigo uliofungwa, hasa wa nguo, wa kubebwa na mpagazi wa msafara. Kwa hiyo neno hili lilitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kabla halijafika kwenye magunia ya nguo kutoka Ulaya na Marekani. Nguo za namna hiyo zilipojaa katika masoko ya Tanzania, jina la kifungashio likawa jina la kilichofungashwa, na baadaye likahamia kwenye kila kitu kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine: gari la mtumba, friji la mtumba, simu ya mtumba. Mtanzania anayesema hivyo hakosei hata kidogo.

Sisi wa Burundi, pamoja na jirani zetu wa Rwanda, tulichukua njia nyingine. Caguwa ni kitenzi cha Kiswahili kuchagua, kilichovaa tahajia ya Kirundi ambayo sauti ch huiandika c, na kuingiziwa w katikati ya u na a kama ambavyo ndimi nyingi hufanya. Kwa maoni yangu umbo tulilolichukua ni lile la amri. Mchuuzi anamwaga nguo chini na kupaza sauti: chagua, chagua! Mnunuzi asiyejua Kiswahili anasikia sauti ile kila siku ya soko, na mwishowe inakuwa jina la bidhaa. Kuna na neno la tatu, nalo ni lile la Kifaransa, occasion, ambalo kila mtu hulitamka kwa ulimi wake na hutumika zaidi kwa magari. Maana yake ya awali ni nafasi iliyojitokeza.

Tazameni basi tofauti ilivyo. Mtumba unataja mzigo wa mwenye mali. Okazioni inataja bahati. Caguwa inataja mkono wa mnunuzi ukipekua. Hakuna hata moja linalotaja ukuukuu, ingawa Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa ajili hiyo: kuukuu, chakavu, kikongwe. Sijapata kumwona muuzaji anayeyatumia.

Sasa tuingie katika historia, na kabla ya kurudi Bujumbura inatubidi tupitie New York. Mwaka 1856 Edward Clark, mshirika wa Isaac Singer katika kampuni ya cherehani, alikuwa na tatizo ambalo wauza simu wa leo wanalijua vizuri. Walioweza kununua cherehani walikuwa wameshanunua, wengine za kwanza kwanza zenye kasoro, wengine za kampuni shindani. Clark akatangaza kwamba anayeleta cherehani yake ya zamani, ya kampuni yoyote ile, atakatiwa dola 50 katika bei ya Singer mpya. Kilichozifuata zile za zamani ndicho kinachotuhusu zaidi. Hazikuuzwa tena. Ziliharibiwa, ili zisirudi sokoni kushindana na mpya. Katika mwaka huohuo kampuni ilianzisha pia utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Katika miaka ya 1920 Alfred Sloan wa General Motors alizitumia hila zote mbili katika biashara ya magari, akaongeza na ya tatu, modeli mpya kila mwaka, ili gari la mwaka jana lionekane la kale hata kama linakwenda vizuri.

Kwa hiyo kurudisha cha zamani ili upate kipya, katika asili yake, si huruma kwa mnunuzi. Ni njia ya kukiua chombo ambacho bado kina uhai. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, kwa kuwa huku kwetu mambo yalikwenda kinyume chake.

Cherehani ya Singer, ile nyeusi yenye maandishi ya dhahabu na kanyagio la chuma, ilienea Afrika Mashariki yote, na haikuuawa. Hata jina ililopewa halina harufu ya kampuni: cherehani ni neno ambalo wanakamusi hulihusisha na charkh ya Kiajemi, yaani gurudumu. Ilipita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake, kutoka kwa mama hadi kwa binti. Ikivunjika sindano inabadilishwa sindano. Ukikatika mkanda unashonwa mwingine wa ngozi. Marekani walilipa fedha ili mashine za zamani zipotee. Huku, kuwa na mashine ya zamani ndiko kulikomfanya mtu aitwe fundi.

Hata hivyo cherehani haikuwa chombo cha kwanza kutufikia baada ya kuchokwa na wengine. Iliitangulia bunduki. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia baruti mdomoni na kuchukua zile za kutia risasi kwa nyuma. Maghala yakajaa silaha ambazo hakuna askari wa Ulaya aliyezitaka. Nyingi ziliishia katika meli zilizoelekea Unguja, na kutoka huko zikabebwa na misafara hadi Tabora, Ujiji na kandokando ya Ziwa Tanganyika. Hayo ndiyo magobori yanayotajwa katika masimulizi ya babu zetu. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi mdogo wa Uingereza kisiwani Unguja, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Katika miaka hiyo hiyo Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, akiwa na makao yake Ujiji, alijaribu kupenya Burundi kwa watu wenye bunduki, na Mwami Mwezi Gisabo akamzuia kwa wapiganaji wa mikuki na mishale. Somo la kwanza, basi: chombo cha kisasa hakikuwa kila mara na nguvu kama jina lake, hasa kilipokuwa cha kisasa cha juzi.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliokusudia kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu silaha. Katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, kuingiza bunduki za kisasa kulizuiwa isipokuwa kwa masharti makali, lakini bunduki za gumegume, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, zingeweza kuruhusiwa. Nia iliyoandikwa ilikuwa njema. Lakini nisomapo vifungu hivyo naona pia jambo jingine: kwa mara ya kwanza karatasi ya kimataifa iliamua ni modeli ipi inayomfaa Mwafrika, nayo ilikuwa ile ya zamani.

Na kama mtu atadhani kwamba waliokuwa upande wa serikali walipata nafuu, awaulize askari. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1903 wakamlazimisha Mwezi Gisabo kukubali mapatano ya Kiganda. Askari wao Waafrika walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Ulaya wanajeshi wa Ujerumani walikuwa wameshabadilishiwa silaha zaidi ya mara moja. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914 sehemu kubwa ya askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani bado walikuwa na ile ya 1871, yenye baruti inayotoa wingu la moshi. Ukipiga risasi moja, adui anajua ulipo. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 waliokota mamia ya bunduki mpya zilizoachwa na Waingereza. Kubadilisha chombo cha zamani kwa kipya, lakini kwa bei ya damu. Wabelgiji waliingia Usumbura Juni 1916.

(Nikiwa bado katika vita hiyo, niruhusiwe kuitaja meli moja. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaunganishwa, na mwaka 1916 ikazamishwa na Wajerumani wenyewe. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Anayedharau kitu kilichotumika na aende Kigoma akaiulizie.)

Chini ya Wabelgiji Waswahili wa mji huu, wengi wao wenye asili ya Manyema, Ujiji na pwani, waliwekwa Buyenzi, mtaa ambao barabara zake huitwa kwa namba. Humo ndimo ufundi ulimojikita: magari, baiskeli, cherehani, vyombo vya bati, na baadaye redio. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Aliyetoka milimani kuja kujifunza ufundi alijifunza na lugha, kwa sababu fundi hakuwa na nyingine ya kumfundishia. Nje ya mtaa, hata hivyo, jina Umuswahili lilibebeshwa maana ya mtu mjanja, mwenye maneno mengi, ambaye ukinunua kitu kwake ukifika nyumbani kimekufa. Nadhani dharau kwa lugha na hofu ya bidhaa iliyotumika vilikuwa kitu kimoja. Walioogopa kuuziwa redio mbovu waliiogopa lugha iliyotumika kuiuza. Ninasema haya nikijua kwamba ile kalamu yangu nyekundu ilikuwa na kidogo cha wino huo.

Redio inastahili nafasi yake. Kwa wenye umri wangu ndicho chombo cha kwanza tulichokiona kikibadilishwa. Redio kubwa ya sanduku la mbao iliipisha redio ya transista, na ile ya transista ikaipisha yenye kaseti. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, na Sauti ya Ujerumani ikaifuata mwaka 1963. Waliokuwa na redio nzuri Buyenzi walikuwa na wageni kila jioni. Mawe ya redio yakiisha nguvu yaliwekwa juani, yakapata uhai wa saa moja au mbili, basi ikatosha taarifa ya habari. Redio haikutupwa. Ikinyamaza, spika yake iliingia ndani ya nyingine, antena ikawa ya mtu mwingine tena, na sanduku likawa la kutunzia nyuzi na sindano.

Hali hiyo ilifikia kilele wakati wa vikwazo. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Julai 1996, viongozi wa nchi za kanda walikutana Arusha tarehe 31 Julai wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Nchi isiyo na bandari ya bahari, inayotegemea Dar es Salaam na Mombasa, ilijikuta imefungiwa mlango. Vikwazo vililegezwa hatua kwa hatua, na vikasimamishwa Januari 1999. Katika miaka hiyo miwili na nusu kipya kilikuwa kwa wachache, na walioufanya mji uendelee kuzunguka walikuwa watu wa vipuri. Mtaani tulianza kuuliza swali ambalo hatukuliuliza zamani: si "inafanya kazi?" bali "ndani ina nini?" Gari lililokufa lilikuwa na thamani, kwa sababu lilikuwa ghala.

Ni katika muongo huo huo wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ambapo mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika kwa kabila. Buyenzi ilibaki na watu wa makundi yote. Wanaohistoria hutoa sababu kadhaa, Uislamu ukiwa mojawapo na lugha ya pamoja ikiwa nyingine. Mimi ningependa kuongeza ya tatu, kwa tahadhari: fundi hawezi kumfukuza mwenye kipuri, wala mwenye kipuri hawezi kumfukuza fundi.

Simu za mkononi zilitufikia kupitia njia ya Kinshasa. Huko ndiko Telecel, kampuni ya Miko Rwayitare, ilikoanzia mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 ikaja Bujumbura. Simu za mwanzo zilikuwa kubwa kama tofali na ni za wakubwa. Simu ilikuja kuwa ya kila mtu baada ya mwaka 2000, na hapo biashara ya kubadilisha ikachangamka. Nokia 3310 ilitoka mwaka 2000. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Ilikuwa na tochi, na katika mji wenye kukatikakatika umeme tochi hiyo ilikuwa na thamani kuliko mlio wowote wa simu. Kisha zikaja simu zenye laini mbili, zikiongozwa na Tecno, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006. Kila kizazi kilisukuma kile kilichotangulia chini ya mlima: kutoka kwa karani kwenda kwa mdogo wake, kutoka kwa mdogo wake kwenda kwa shangazi kijijini. Sehemu kubwa ya historia ya simu katika nchi hii imefanyika ndani ya familia, bila risiti.

Nyingine ilifanyika sokoni. Tarehe 27 Januari 2013, Jumapili, soko kuu la Bujumbura liliungua. Wachuuzi waliobaki na chochote walitawanyika: wengine Ruvumera huko Buyenzi, wengine Kwa Siyoni, wengine mitaani tu, sanduku la kioo juu ya kiti. Aliyekuwa na mali mpya kwa mkopo alipoteza mali na kubaki na mkopo. Fundi mwenye bisibisi na mkono uliozoea alianza upya kesho yake.

Hapa ndipo niliposimama katika fikra zangu nilipoamua kwenda kumwona baba wa mwanafunzi wangu. Sikwenda kama mtafiti. Nilikwenda na simu yangu, kioo kikiwa na ufa, betri ikiishiwa kabla ya adhuhuri. Alinikaribisha kwenye stuli, akaipokea kwa mikono miwili, akabonyeza *#06# na kuisoma ile namba ndefu iliyojitokeza, akaniuliza kama boksi lake ninalo.

"Boksi sina, mzee wangu. Lipo nyumbani labda."

"Basi utalileta, Mwalimu. Siku hizi simu bila boksi ni kama mtoto bila cheti."

Sababu ya tahadhari hiyo nayo ni ya kihistoria. Kenya ilizima simu bandia katika mitandao yake mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo tarehe 16 Juni 2016. Tangu hapo namba hiyo ya utambulisho, ambayo zamani hakuna aliyeijali, imekuwa sehemu ya maongezi ya bei. Simu ya wizi pia hujulikana kwa hiyo.

Kisha akaanza kuhesabu, na sijapata kusikia hesabu ya namna ile. Kwangu ilikuwa simu moja. Kwake zilikuwa simu tano. "Kioo hiki hakiko na bei tena," alisema. "Betri, hivyohivyo. Lakini bodi ni nzima, kamera ni nzima, spika ni nzima. Mimi sinunui simu yako, Mwalimu, nanunua ndani yake." Alitaja kiasi. Nilipandisha, akashusha, nikacheka, akacheka. Alinionyesha iliyokuwa juu ya meza, ya miaka miwili nyuma, iliyokwisha kutengenezwa, akaniambia niache yangu niongeze kiasi fulani juu. Kabla sijakubali akanizuia mkono. "Umefuta vitu vyako?" Sikuwa nimefuta. Redio uliiuza ikaenda na ukimya wake. Simu inakwenda na barua zako, picha zako na siri za watu wengine. Nilikaa pale nusu saa nikihamisha na kufuta, naye akaendelea kulehemu simu ya mtu mwingine, bila kuniharakisha.

Nilimweleza habari ya Edward Clark na zile dola 50. Hakushangaa. Aliniuliza kama watu wale bado wanavunja. Nikamwambia ndiyo. Mwaka 2013 Apple ilianza kupokea simu za zamani katika maduka yake ya Marekani na kumpunguzia mteja bei ya mpya. Nyingi ya simu zinazorudishwa kwa kampuni kama hizo husafishwa na kuuzwa tena. Zisizofaa hutenganishwa, na mwaka 2018 kampuni hiyo ilionyesha roboti liitwalo Daisy lenye uwezo wa kufumua simu 200 kwa saa. Aliifikiria namba hiyo kwa muda. "Mimi kwa saa nafumua mbili," alisema, "lakini narudisha."

Ukiwa Bujumbura unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Huko Kivu huchimbwa koltani, ambayo hutoa tantali, madini yanayotumika ndani ya bodi za simu. Yanatoka ng'ambo ile yakiwa udongo, yanazunguka dunia, na baadhi yanarudi hadi kwenye meza ya Buyenzi yakiwa ndani ya simu ambayo mtu wa Ulaya ameichoka. Sijui kama kuna mtumba uliosafiri mbali zaidi.

Wapo watakaosema kwamba ninalipamba jaa la takataka. Hoja yao ina uzito. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Betri iliyovimba haina fundi. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ulikataza kuingiza Afrika taka zenye sumu, na mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Basel uliofanyika Nairobi mwaka 2006 ulizungumzia taka za aina hii hasa. Lakini mikataba yote hiyo inakwama mahali pamoja, napo ni pa kwetu sisi watu wa lugha: ni wakati gani chombo kinaacha kuwa chombo na kuwa taka? Simu yenye kioo kilichopasuka ni kipi kati ya viwili? Mwaka 2015 nchi za Basel zilikubaliana kwa muda mwongozo wa kutofautisha vitu hivyo viwili, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, haziwezi kuvushwa mpaka bila ridhaa ya nchi inayozipokea. Kwa hiyo jina linalopewa kontena bandarini ndilo linaloamua kama litaingia. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao, walipokutana Arusha Machi 2016, waliagiza nguo na magari yaliyotumika yaondolewe hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo, Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza mavazi huko mwaka 2018, na wengine wakarudi nyuma. Caguwa ikabaki kama ilivyokuwa.

Nimerudi ofisini na simu ya mtu mwingine, ambayo sasa ni yangu. Nilifungua daftari la alama nikamrudishia kijana zile mbili nilizomkata, kisha nikamwita kumweleza kwamba neno lake ni sahihi, isipokuwa katika insha ya Kiswahili ningependelea aliandike kwa ch: chaguwa, au hata chagua, ili mzizi uonekane. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema ameelewa, na katika insha ataandika hivyo. Ila baba yake ameshaliandika kwa c kwenye ubao wa duka, na rangi imekwisha kukauka.